Edinburgh walikataa, mpango ukafa
Ndugu, umeuliza kama kuna mji ambao wananchi walikataa madereva kutozwa pesa ya kuingia mjini na wakasikilizwa. Ndiyo, upo: Edinburgh, Uskoti, Februari 2005. Walipiga kura, karibu watatu kati ya wanne wakasema hapana, mji ukauacha mpango. Nafuatilia mambo haya kwa sababu naendesha lori Lubumbashi–Kasumbalesa, huku Kongo: pale peaji, kituo cha kulipia barabara, unalipa, unapewa risiti, na kwenye bei ya mafuta ulishakatwa pesa ya FONER, mfuko wa taifa wa kutengeneza barabara. Ni haki tuulize inaenda wapi.

Lakini si kila mahali wanakataa. Stockholm, Uswidi, walijaribu kwanza kutoza kwa miezi saba mwaka 2006, magari yakapungua kama 20% kwenye vituo vya kutozea, ndipo wakazi wa mjini wakapiga kura, wengi wakakubali.