Mkuu, usitume hiyo hela ya Masaki

Simama hapo hapo. Umeandika kwamba umepata kazi Dar, unahama Mwanza na familia, dalali amekutumia picha za nyumba ya uani Masaki, dola 600 kwa mwezi, anataka mwaka mzima kwa mkupuo kabla ya Ijumaa kwa sababu "kuna mzungu anaitaka". Halafu unauliza maisha ya kule yakoje, usafiri, usalama na shule. Hayo baadaye. Huyo mzungu na mimi niliambiwa anakuja, mwaka 2022.

Nilikuwa nakaa Tabata. Jamaa mmoja kazini akanijaza maneno kwamba ukikaa Masaki milango inafunguka yenyewe. Dalali akanipeleka kwenye nyumba ndogo nyuma ya jumba moja, si mbali na barabara ya Chole: vyumba viwili, kisima, jenereta, mlinzi getini. Aliyetupokea alitoka nyumba kubwa na kandambili mguuni, funguo zote mkononi, mbwa anamfuata. Sikumuuliza kama nyumba ni yake. Nilikopa SACCOS, nikalipa dola 500 mara miezi 12, yaani dola 6,000, wakati ule karibu milioni 14. Mkataba ulikuwa na mhuri wa wakili, nikajua mambo yametimia.

Mwezi wa nne, Jumamosi asubuhi, akaja mama mmoja mtu mzima na wakili wake. Nyumba yake, aliachiwa na marehemu mumewe, yeye anaishi Arusha. Yule bwana wa mbwa alikuwa mpangaji kama mimi, mkataba wake umeisha na kodi anadaiwa. Alikuwa amehama Alhamisi usiku, mlinzi akadhani anasafiri. Yule mama alituonea huruma, akatupa wiki 3. Dola 4,000 za miezi 8 zikaenda hivyo. Polisi nilipewa RB, ile namba ya taarifa ya kesi, simu ya bwana haikupatikana tena. Mke wangu na mtoto walikaa kwa wakwe Morogoro miezi miwili nikitafuta chumba, na mkopo nimeumaliza mwaka jana tu.

Dalali? Alishachukua malipo yake ya udalali, kodi ya mwezi mmoja. Nilipompigia akasema, "Kaka, mimi kazi yangu kuonyesha nyumba." Huyu ananiuma kuliko hata tapeli mwenyewe. Mlinzi aliniambia alishaleta watu pale mara mbili kabla yangu. Alijua! Na wanaotaka kunicheka hapa wacheke, lakini waseme kwanza kama nyumba wanayokaa sasa hivi wamewahi kuiona hati yake ya umiliki.

Kwa hiyo mkuu, shika hili: jina lililo kwenye hati ndilo liwe kwenye mkataba, na hilo hilo ndilo liwe kwenye akaunti ya benki unayoingiza hela. Majina matatu, mtu mmoja. Likipishana moja, hulipi, hata kama wazungu kumi wamepanga foleni. Wenye nyumba wengi wa kule wako mikoani au nje ya nchi, kwa hiyo utaambiwa "mimi ni mdogo wake". Sawa, alete hati ya uwakilishi iliyosainiwa, na mwenye nyumba umwone kwenye simu. Omba nakala ya hati, wakili wako akaifanyie upekuzi kwa Msajili wa Hati, yaani aangalie imeandikishwa kwa jina la nani. Gharama yake ukiiweka pembeni ya mkopo wangu utaona ni hela ya vocha.

Na hizo dola pia zikatae. Tangu Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni humu nchini. Anayeng'ang'ania dola leo muulize kwa nini.

Maisha yenyewe ni kimya. Jirani hugongi mlango kuomba chumvi, unaona geti tu. Nyanya na mchicha tulifuata Namanga, ile ya hapo Dar si ya mpakani, kwa bodaboda. Jioni tulikuwa tunatembea Coco Beach na mtoto, na hapo sitakudanganya, tulifurahi sana.

Kesho asubuhi mtume ndugu yako aliyeko Dar apite ofisi ya serikali ya mtaa, amtajie mwenyekiti hiyo nyumba, aulize ni ya nani. Kisha rudi hapa utuambie jina alilotajiwa.