Barua kwa mwanangu: bastola haikai pamoja na ubuyu

Mwanangu,

Jumapili uliponipigia nilikuambia tutaongea, nikakata simu. Nilikuwa natafuta maneno. Uliniuliza hivi: kibali cha kumiliki bastola kimetoka, kila wiki unakwenda Kibaigwa kununua mahindi na alizeti ukiwa na fedha, na gauni halina mkanda wa kushikilia silaha. Je, uiweke kwenye mkoba?

Hapana, mama. Usiiweke mkobani, hata ukienda dukani hapo nje na kurudi.

Unajua nilikuwa askari wanyamapori Rungwa kabla sijarudi Mpwapwa. Kuna jambo la huko sijawahi kukusimulia. Mwenzetu mmoja alikuwa na tabia ya kuweka bastola kwenye begi lake la turubai, pamoja na tochi, funguo na kisu. Asubuhi moja tunapakia gari, akalirusha begi nyuma kama alivyozoea. Mlio ukapasuka. Risasi ilitoboa gunia la unga na kutokea kwenye bodi ya gari, na mimi nilikuwa nimesimama upande ule ule, hatua tatu tu. Tulipolifungua begi tukakuta mshikio wa funguo umepenya kwenye tundu la kifyatulio, kile kichuma cha kuvuta kwa kidole. Hakuna aliyeumia. Usiku ule sikulala, nilikuwa nakufikiria wewe. Ulikuwa hujaanza hata shule.

Sasa fikiria mkoba wako. Kalamu, funguo za nyumba na za ghala, chaja, kitana, chupa ya mafuta, vyote vinatembea humo ndani kadiri unavyotembea. Bastola nyingi za siku hizi, Glock kwa mfano, hazina kile kitufe cha pembeni cha kuifunga isifyatuke. Kinga yake iko kwenye kifyatulio chenyewe: kikisukumwa vizuri, inalia. Haijui kama kilichosukuma ni kidole chako au kalamu.

Lakini kalamu si kitu kinachoninyima usingizi. Ni mjukuu wangu. Ukiingia mlangoni hakukimbilii wewe, anakimbilia mkoba, kwa sababu umemzoesha kumletea ubuyu na karanga. Mkono wake unaingia humo kabla hujavua viatu. Na wewe mwenyewe nimekusikia ukimwambia, "Niletee simu, iko kwenye mkoba." Siku utakayosema hivyo ukiwa umechoka, umesahau kilichomo, ndiyo siku ninayoiogopa.

Desemba 2014, katika mji wa Hayden, jimbo la Idaho, Marekani, mama wa miaka 29 alikuwa dukani na mwanawe wa miaka miwili. Mama alikuwa na kibali, na silaha aliizoea. Mkoba wake ulitengenezwa maalumu kwa kubebea bastola, wenye mfuko wake na zipu yake. Mtoto akiwa kwenye toroli la manunuzi akaufikia mkoba, akaitoa bastola, ikafyatuka. Mama alifia pale pale dukani. Nimelifikiria hilo mara nyingi, hasa ile zipu. Aliyeutengeneza mkoba ule alidhani ametengeneza usalama.

Wala usiseme kidole cha mtoto hakina nguvu. Mtoto haishiki bastola kama sisi. Anaigeuza mdomo umwelekee yeye, anaikumbatia kwa viganja viwili, kisha anasukuma kifyatulio kwa vidole gumba vyote viwili. Nguvu hiyo anayo.

Labda utaniambia utakuwa unatoa magazini, kile kikasha cha risasi. Ukishaikoki, yaani kuiweka tayari kufyatua, risasi moja imeingia chemba, ndani ya bastola yenyewe, na ukitoa magazini ile moja inabaki. Kwenye bastola nyingi itafyatuka vizuri tu. Watu wengi wameua ndugu zao wakiapa kwamba silaha ilikuwa tupu.

Na njiani je? Kwenye daladala, ukiwa umesimama, aliyekaa anakupokea mkoba na kuupakata. Ndivyo tulivyo, na ni jambo jema. Mtu huyo atakuwa amepakata bastola bila kujua, mdomo wake umeelekea tumbo la nani, hata wewe hujui. Mgahawani unautundika nyuma ya kiti. Kanisani unauweka chini na kwenda mbele kutoa sadaka. Na wakwapuaji wa pikipiki hawakuulizi unacho nini. Wanachokwapua ni mkoba. Ulikuwa unaogopa kuibiwa fedha, sasa umempa mwizi silaha yenye risasi, iliyosajiliwa kwa jina lako. Hata ukipata nafasi ya kujitetea, utafungua zipu, utapekua, utashika pochi kwanza, na mtu yuko mbele yako tayari.

Kwa hiyo ama bastola iwe mwilini mwako, ama iwe imefungiwa. Hakuna mahali pa katikati. Ya mwilini inataka ala, yaani mfuko wa silaha, ngumu na inayofunika kifyatulio chote, na mkanda imara; upo mkanda mpana wa kitambaa unaovaliwa tumboni chini ya nguo, lakini nao uwe na ala ngumu ndani yake. Kabla ya hapo ufundishwe, ufanye mazoezi kwenye uwanja wa shabaha mpaka mikono ijue yenyewe. Mpaka siku hiyo ikae kwenye kasiki, risasi zikae mbali nayo, ufunguo uwe nao wewe peke yako. Usiufiche juu ya kabati. Watoto wanajua kila kinachofichwa juu ya kabati.

Kuhusu fedha, ongea na madalali wako wa Kibaigwa uwalipe kwa benki au kwa simu. Makato yatakuuma, najua, faida ya gunia ni ndogo. Nitakuchangia makato hayo miezi mitatu ya kwanza, mpaka wazoee.

Alhamisi nitapanda gari la asubuhi, kabla ya saa tano nitakuwa Dodoma. Mtafute fundi wa kutoboa ukuta wa chumbani, kasiki nataka lishikwe kwa bolti nne. Mpaka nifike, bastola usiiguse, na mlango wa chumba hicho ufungwe. Mjukuu wangu mwambie ubuyu wake wa wiki hii babu anakuja nao mfukoni.

Baba yako