Kuanza kupaka rangi kwa kunakili mandhari ya Kubizimu: uzoefu wangu

Mkuu, umeuliza kama mtu ambaye hajawahi kushika brashi anaweza kuanzia kwenye mandhari ya Kubizimu, ule mtindo wa kuvunja vitu kuwa maumbo ya kijiometri, maana umeambiwa uchore kwanza matunda na sura za watu. Mimi nilianzia huko huko na sijutii. Ila chagua picha. Achana na picha za mchoraji Picasso za 1911, pale mtu na gitaa lake wamesagwa hadi huoni nani ni nani. Chukua "Nyumba za L'Estaque" ya mchoraji Mfaransa Georges Braque, ya 1908.

L'Estaque iko pwani, pembeni ya Marseille, kusini mwa Ufaransa. Mchoraji Paul Cézanne alishapaka sana pale kabla yake, na Braque alikwenda akijua anafuata nyayo za nani. Maonyesho ya Salon d'Automne ya Paris yalipozikataa picha zake, mwuza picha Kahnweiler akazitundika kwenye ukumbi wake Novemba mwaka huo huo. Mkosoaji Louis Vauxcelles akaandika kwamba jamaa anageuza kila kitu kuwa michemraba. Kwa anayejifunza hiyo ni habari njema, kwa sababu mchemraba hata mtoto wa shule anauchora.

Sasa itazame picha yenyewe. Hakuna anga. Nyumba zimepandiana hadi ukingo wa juu, hazina madirisha wala milango, na kushoto kuna shina la mti lililolala mshazari. Rangi ni chache mno: njano ya udongo, kijani, kijivu. Nunua nyeupe, nyeusi, njano ya udongo, kahawia nyekundu na kijani kimoja, basi. Duka likikushawishi uchukue boksi la rangi ishirini na nne, kataa.

Kazi yote iko kwenye kivuli. Ukitafuta jua linatokea upande gani utaumia kichwa, kwa sababu halitokei popote. Braque anafanya hivi: ukuta unapokutana na paa, upande mmoja anautia giza pale pale kwenye ukingo, wa pili anauacha mweupe. Halafu lile giza linafifia taratibu kadiri linavyouacha ukingo. Ndiyo maana nyumba zinatokeza mbele. Fanya zoezi hilo kwenye karatasi kabla ya kugusa picha: chora mstari, anza na kijivu kizito kando yake, kisha vuta nje kwa brashi bapa iliyo karibu kukauka, viharusi vyote vikielekea upande mmoja. Akriliki, yaani rangi inayochanganywa na maji, hukauka haraka, hasa kwa joto letu, kwa hiyo changanya kijivu cha kutosha mapema na ufanyie kazi ukuta mmoja mmoja.

Halafu kuna kingo ambazo hakuzifunga. Ukuta unafika kwenye majani na kuyeyukia humo, hujui umeishia wapi. Mkono utakuwasha kuchora mstari hapo. Uzuie. Mbinu hiyo ameitoa kwa Cézanne, na ukiizibaziba picha inakufa, inabaki maboksi tu.

Picha halisi, iliyopo Bern, Uswisi, ina kimo cha sentimita 73 na upana wa 60. Wewe fanya nusu yake. Turubai si lazima. Hadibodi iliyopakwa rangi nyeupe ya ukutani mara mbili inatosha, na mchoraji wetu Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alichorea mbao za namna hiyo. Kila ukipumzika, piga picha kazi yako na ile ya Braque kwa simu, zigeuze nyeusi na nyeupe, uziweke sambamba. Utashangaa kijani chako kilivyo chepesi.

Kuna mdau kasema kunakili ni wizi. Andika nyuma "nakala kutoka kwa Braque" na usiiuze kama yako, yamekwisha.

Baada ya hapo chora mlima wako. Sisi wa Mwanza tunazo nyumba za Igogo na Bugando, zimepandiana juu ya mawe vile vile bila kuacha nafasi ya anga. Mabati yanang'aa kuliko vigae vya Wafaransa, kwa hiyo nunua chupa ya pili ya nyeupe.