Woga wa daraja: kilichonisaidia ni kuandika utabiri wangu kwenye daftari

Dada, umeeleza kwamba ukikaribia daraja moyo huenda mbio na mikono hutoka jasho, na kwamba ndugu zako hukwambia ujikaze tu. Umeuliza kama mtu anaweza kuushinda woga wa namna hiyo kwa kubadili fikra zake. Mimi niliweza, ila njia yenyewe haikuwa ile niliyoitarajia.

Ninaishi Moshi na kuuza vitenge ninavyovinunua Arusha, safari ya kilomita 80 hivi. Kabla ya kufika Boma Ng'ombe, barabara hushuka kwa mteremko mkali hadi daraja la mto Kikafu. Mwaka 2016 Coaster niliyoipanda ilifunga breki ghafla kwenye mteremko huo, nyuma ya lori lililokuwa limesimama. Hakuna aliyeumia. Hata hivyo, kwa karibu miaka 2 baada ya siku ile sikuvuka tena. Nilimlipa kijana aniletee mzigo, naye akaniletea rangi ambazo wateja wangu hawakuzitaka. Kila safari niliyoiahirisha ilinipa nafuu ya siku moja na kuuongeza woga wa safari iliyofuata.

Mshauri wa saikolojia niliyemwendea hakuniambia nisiogope. Aliniuliza, "Mama, ukifika pale unaamini kitatokea nini hasa?" Nilijibu kwamba breki zitafeli, na kwamba hata zisipofeli mimi nitazimia. Sikuwa nimewahi kuyatamka mambo hayo, hata kwa mume wangu. Akanieleza kwamba Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani aliyeanzisha tiba ya namna hii miaka ya 1960, aliona kwa wagonjwa wake wa sonona kuwa fikra kama hizo hupita haraka mno kichwani, na mwenye nazo huzipokea kama habari za kweli bila kuzihoji.

Basi tukazihoji. Kuhusu breki, hatukujidanganya kwamba mteremko ule hauna hatari, kwa sababu ajali zimewahi kutokea pale. Tulichokihoji ni ule uhakika wangu kwamba ajali itatokea leo, katika gari hili. Kuhusu kuzimia nilijifunza jambo lililonishangaza: kwa kawaida mtu huzimia shinikizo la damu linaposhuka, ilhali hofu huharakisha moyo na kulipandisha. (Woga wa damu na sindano ni tofauti, kwani wenye woga huo huweza kuzimia kweli, nao hufundishwa kukaza misuli.) Mapigo yale ya moyo niliyoyaona kuwa dalili ya kuanguka yalikuwa mwili unaojiandaa kukimbia.

Lakini kujua hakukutosha, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaokushauri urudie maneno mazuri mbele ya kioo. Fikra yangu haikubadilika mpaka nilipoipima barabarani. Nilinunua daftari, na kabla ya kila safari niliandika nilichotabiri na kiasi nilichokiamini. Safari ya kwanza, niliyokwenda na dada yangu, niliandika: "Nitazimia, 90 kwa 100." Nilitetemeka, nililia, sikuzimia. Safari ya nne niliandika 60.

Hapo nilikwama kwa majuma kadhaa, na mshauri ndiye aliyegundua sababu. Nilikuwa nikivuka nikiwa nimefumba macho na kumkamata dada yangu mkono, hivyo moyoni niliamini kwamba macho yaliyofumbwa na mkono ule ndivyo vilivyoniokoa. Ilinibidi niviache kimoja baada ya kingine: kwanza kuvuka macho yakiwa wazi, kisha kukaa kiti cha dirishani, mwishoni kusafiri peke yangu. Safari hiyo ya mwisho niliandika 15.

Umeuliza pia kama woga huo huisha kabisa. Wangu haujaisha; mvua ikinyesha bado tumbo hunikaza tunapoanza kushuka, ila sishuki tena kwenye gari, na vitenge ninavichagua mwenyewe. Iwapo woga wako unakunyima usingizi au kazi, usianze peke yako. Tafuta mtaalamu wa afya ya akili katika hospitali iliyo karibu nawe. Kwa sasa naomba uniandikie hapa, kwa sentensi moja tu, unachoamini kitakupata ukiwa katikati ya daraja.