Meli ya kitalii Mediterania, peke yako na pesa kidogo
Umeuliza kama msafiri wa peke yake anaweza kuzunguka Mediterania kwa meli bila kufilisika. Anaweza, ila chumba hupangiwa bei ya watu wawili, hivyo unaweza kutozwa hadi mara mbili. Linganisha chumba cha mtu mmoja na kile cha ndani kisicho na dirisha. Mara nyingine hicho cha pili ndicho nafuu. Novemba bei hushuka. Jumlisha na bakshishi ya kila siku, maana tangazo mara nyingi huificha. Ukishuka Civitavecchia, bandari iliyo karibu na Roma, panda treni ya kawaida hadi Roma, ila urudi mapema: meli haikungoji. Simu iwe hali ya ndege kabla hamjang'oa nanga, mtandao wa baharini hufyonza salio. Njia ikipitia Uturuki, viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Uturuki haimo) iwe ya kuingia zaidi ya mara moja.