Jioni ya Hadithi Jijini: Ushauri kwa Anayetoka Kigoma

Sisi tuliokulia Kigoma hatuhitaji kufundishwa utamu wa masimulizi. Jambo la kushangaza ni kwamba wengi wetu tukifika Dar es Salaam, iwe kwa masomo, kwa biashara au kumuuguza ndugu, jioni zetu huishia mbele ya televisheni ya mwenyeji, au katika baa ambayo muziki wake hauwaruhusu hata watu wawili kusikilizana. Mimi husafiri kwenda huko mara kwa mara kwa biashara ya mawese na dagaa, na kwa muda mrefu nimejizoesha kutafuta mahali ambapo watu huketi kusikiliza hadithi, mashairi na visa vya kweli kutoka kwa msimuliaji aliye mbele yao.

Mahali pa kuanzia hapakosekani. Soma Book Café na Nafasi Art Space, zote za Mikocheni, zinajulikana kwa shughuli za fasihi na sanaa, ingawa ni vyema kupiga simu kabla ya kwenda kwa sababu si kila juma huwa na tukio. Unapouliza, usiishie kwenye kiingilio. Uliza kama kutakuwa na bendi usiku huohuo, kwa kuwa mahali palipofungwa maspika makubwa hadithi hugeuzwa kuwa kijazio cha muda kabla ya dansi. Kwa maoni yangu, chumba kidogo chenye viti vya plastiki na chai ya tangawizi kinashinda ukumbi wa hoteli.

Kuna suala la saa, nalo humponza mgeni wa kutoka magharibi. Kigoma tumezoea kuona jua likizama ziwani karibu na saa moja, ilhali Dar es Salaam jua hututangulia kuzama kwa takribani dakika 40, hivyo giza humkuta mtu wetu bado hajaoga. Ukiongeza foleni, tukio la saa moja na nusu linakutaka uwe njiani mapema kuliko unavyodhani. Kula kabla ya kutoka, kisha ufike wakati viti vya mbele vingali wazi. Anayeketi nyuma, karibu na jiko au mlango, husikia nusu ya hadithi na bei zote za soda.

Shuleni tulifundishwa kwamba fasihi simulizi haikamiliki bila fanani na hadhira, lakini wengi tuliyakariri maneno hayo kwa ajili ya mtihani tu. Jijini utaona fanani akiita, “Hadithi, hadithi!” na watu wakijibu kwa sauti za chini, simu zikiwa zimeinuliwa kurekodi. Wewe weka simu mfukoni na uitikie, “Hadithi njoo!” kwa sauti kamili, kama unavyoitikia nyumbani. Nimeona chumba kizima kikichangamka kwa sababu ya waitikiaji wawili tu, na msimuliaji aliyekuwa akiharakisha akaanza kuyapa maneno yake nafasi.

Tukitaka kujizoeza, tuna darasa letu wenyewe. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa katika usiku wa giza. Mwezi unapokuwa mpevu, mwanga wake hufifisha mvuto wa taa, kwa hiyo wengi hubaki nchi kavu. Usiku huo wa mbalamwezi ndio wa kwenda kwenye mialo yetu ya Kibirizi au Katonga. Mtazame mzee anayesimulia habari ya dhoruba: mtumbwi unapokaribia kupinduka, yeye hunyamaza, akanyanyua kikombe cha kahawa, akanywa funda moja na kukirudisha chini taratibu. Vijana hushindwa kuvumilia. “Ikawaje, baba?” Naye huwa ameshajua kwamba atauliza mmoja wao.

Ustadi huo utakufaa siku utakayotaka kupanda jukwaani, ila jijini utabanwa na muda. Mtindo wa jioni za visa vya kweli umevumishwa sana na The Moth, taasisi ya masimulizi iliyoanzishwa na George Dawes Green jijini New York mwaka 1997. Katika mashindano yake, majina ya wasimuliaji huchaguliwa kwa bahati nasibu, na kila mmoja hupewa dakika tano kusimulia jambo lililomtokea yeye mwenyewe, bila kusoma karatasi. Kwa mazoea yetu, dakika tano hazitoshi hata kueleza mhusika ni mtoto wa nani na mjomba wake aliishi mtaa gani Ujiji. Kwa hiyo acha nasaba, anza pale wimbi linapopiga mtumbwi, na uijue sentensi yako ya mwisho kabla hujasimama.

Hadithi zikiisha, usikimbilie kuondoka, kwa sababu mazungumzo mazuri huanza viti vinapoanza kusogezwa. Aliyekuzidi umri mpe shikamoo hata kama mahali penyewe panaonekana pa kisasa, kisha zungumza naye juu ya kisa mlichokisikia kabla ya kumuuliza anafanya kazi gani. Kuwa na noti ndogondogo za kumtuza msimuliaji aliyekugusa. Nauli ya bajaji au bodaboda ipatane kabla ya kupanda, na kama njia ni ngeni kwako, ondoka pamoja na mtu unayemfahamu.

La mwisho ni geti. Nyumba nyingi za jijini hufungwa mapema, na hakuna anayefurahi kuamshwa saa sita usiku na mgeni anayegonga. Mweleze mwenyeji tangu asubuhi unakwenda wapi na utarudi saa ngapi, naye atakuachia ufunguo. Kesho yake, wakati wa chai, ukimsimulia vizuri uliyoyasikia, huenda safari ijayo mkaongozana.