Mkemia asiyegusa asidi ananukuliwaje hivyo?

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza inakuwaje mkemia wa nadharia, asiyeshika hata neli ya majaribio, anukuliwe kuliko watu wa maabara. Ni kwamba anatengeneza zana, na wengine wote wanaitumia.

Mchukue Axel Becke wa Kanada. Makala yake ya 1993, na ile ya Lee, Yang na Parr ya 1988, ziliingia kumi bora za makala zilizonukuliwa zaidi duniani kwenye orodha ya jarida la Nature ya 2014. Kazi za hao ndizo msingi wa B3LYP, njia ya kukadiria nishati ya molekuli kwa msongamano wa elektroni. Mtu hapa Tanga akitaka kuchunguza molekuli ya mti-dawa wa Amani, anaandika "B3LYP" kwenye mstari wa maagizo ya programu ya hesabu za kemia, anaiacha kompyuta ikeshe. Akichapisha, lazima awataje. Nobeli ya Kemia ya 1998, kwa njia za hesabu za aina hii, walipewa wanasayansi Kohn na Pople, Becke hakuwemo. Mimi naona alipunjwa.

Na ile h-index uliyoitaja, kipimo cha jinsi makala za mtafiti zinavyonukuliwa, ilibuniwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. H ya 40 maana yake mtafiti ana makala 40, kila moja imenukuliwa angalau mara 40. Sasa makala iliyonukuliwa mara elfu tisini nayo inahesabiwa moja tu! Kwa hiyo fungua Google Scholar, tovuti ya kutafuta makala za kitaaluma, panga makala za mkemia unayemchunguza kwa idadi ya nukuu, utazame kama mzigo wote umebebwa na mbili tatu.